Mtungi wa Nili wa Bi Umaima

Tumeyapokea haya kwa walimu wetu, nao wakayapokea kwa walimu wao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ukweli wake wote: katika zama za waja wema alikuwapo mtia rangi nguo aitwaye Safwan, mkaazi wa mji mdogo wa mitende kando ya mto Furati. Mkewe aliitwa Umaima, na kisa hiki ni chake yeye zaidi kuliko cha mumewe. Mola awarehemu wote wawili, na atujaalie na sisi nyumba kama yao, pamoja na makosa yao.

Watu wa mji ule walimjua Safwan kwa mikono. Ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko, na maji ya udhu ya miaka yote hayakuiondoa. Wenzake wakimtania msikitini, "Safwan, Siku ya Kiyama sisi tutakutafuta kwa mikono." Naye huwajibu, "Nitafuteni, lakini mje na fedha ya kanzu zangu mlizochukua." Alikuwa mtu wa ibada, mpole, mwenye haya, na alimpenda mkewe mapenzi ya mtu asiyejua kuyasema. Akitoka sokoni na komamanga zuri, huliweka tu kizingitini akapita kama aliyelisahau. Umaima alijua. Naye hulichukua kimya kimya, akampasulia binti yao Lubaba, na nusu akampelekea Bi Khaula, mama yake Safwan, ambaye macho yalikuwa yamempunguka lakini ulimi ulibaki na nguvu zake zote.

Sasa kazi ya kutia rangi ina jambo moja gumu. Nili, ile rangi ya buluu, haikuota katika nchi ile. Ililetwa na msafara mara moja kwa mwaka, baada ya tende kuvunwa, na mtia rangi asiyenunua wakati huo hukaa mwaka mzima akiyatazama maji meupe. Kwa hiyo kila Alhamisi Safwan alitoa kwanza matumizi ya nyumba na ujira wa wafanyakazi wake wawili, na kilichobaki hukitumbukiza katika mtungi wa zamani uliokuwa chumba cha ndani. Mtungi huo uliwahi kuwekewa nili, na vumbi lake lilikuwa halijaisha ndani. Dirhamu ikilala humo siku chache, buluu inaingia katika mistari ya maandishi yake, na hata uipanguse vipi haitoki.

Lipo na jambo jingine. Safwan alilishika neno la marehemu baba yake kwamba mali inayohesabiwahesabiwa huingiwa na jicho na kukimbiwa na baraka. Basi mtungi ule haukuhesabiwa. Ulifunikwa kwa kawa, ukaachiwa Mungu.

Ilitokea siku moja Umaima alikuwa katika darsa la wanawake, na mwalimu wao akaisifu sadaka ya siri: ile asiyoijua jirani, wala rafiki, wala mtu yeyote ila Aliyeumba mkono unaotoa. Maneno yale yalimwingia Umaima moyoni. Njiani kurudi alipita lango la chini la mji, anakokaa Jumana, mjane mwenye watoto wadogo, akamwona anachemsha maji matupu ili watoto waone moshi wapate kulala. Umaima alifika nyumbani akaingia moja kwa moja chumba cha ndani, akainua kawa, akatoa dirhamu moja.

Akajiambia: Hii ni mali ya nyumba, na mimi ndiye mwenye nyumba. Tena Mola hajapata kumwacha mtoaji mkono mtupu. Safwan hatajua, na kutojua kwake ndiko kunakoikamilisha.

Jumatatu iliyofuata akatoa tena. Ikawa desturi.

Ukitaka kujua shetani humwingilia vipi mcha Mungu, usidhani humjia na chupa ya ulevi. Humjia na jambo jema, kisha akamzuilia jambo moja tu: kuuliza.

Miezi ikaenda. Mwanzoni Umaima akitia mkono mtunguni hukuta fedha karibu. Baadaye ikabidi aingize mkono mpaka kwenye kiwiko. Alishtuka, lakini akajilaumu mwenyewe kwa upungufu wa imani. Dirhamu moja kwa wiki haiwezi kumaliza mtungi unaojazwa kila wiki! Akasema ni giza la chumba linalomdanganya, akafunika kawa.

Siku moja alikwenda kwa Mzee Maimun mwoka mikate.

"Karibu, Bi Umaima," akasema mzee. "Leo mikate imefura kama mashavu ya mjukuu wangu."

Umaima akalipa, na mzee akamrudishia chenji. Katika kiganja chake mlikuwa na dirhamu yenye maandishi ya buluu.

"Hii umeipata wapi, Mzee Maimun?"

"Hizi? Hizi ninazo tele. Si za kwenu?" Mzee akacheka. "Kila upande wa mji zinanijia. Jana tu moja imetoka huko mtaa wa juu, kwa wasaga ngano."

"Mtaa wa juu? Kwa nani?"

"Ala! Mwoka mikate akianza kusema nani kanunua mkate kwa fedha ya nani, kesho atauza majivu. Chukua mikate yako, binti yangu, isipoe."

Umaima akaondoka na mikate na moyo mzito. Yeye hakupata kupeleka fedha mtaa wa juu. Na mumewe, sasa alikumbuka, kila Ijumaa baada ya alasiri hutoka, na huelekea huko huko, na akirudi huwa na uso wa mtu aliyefurahishwa na jambo asilotaka kulisema. Mtaa wa juu una nyumba nzuri. Una wanawake wazuri pia. Waja wema nao wana wivu, ndugu zangu. Imani haiondoi damu mwilini.

Akamwendea mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa dirishani pake pa siku zote.

"Mama, mwanao huenda wapi Ijumaa baada ya alasiri?"

"Huenda kunyoosha miguu."

"Na hunyoosha na mkono uliofumba kitu?"

Bi Khaula akageuza uso kwenye dirisha. "Mwanangu, mume ni kama mtungi wa rangi. Ukiufunuafunua kila saa, rangi inakufa."

"Na nisipoufunua kabisa?"

"Unanuka," akakiri mama mkwe. Kisha, upesi upesi mno, akaomba aletewe maji.

Umaima hakumuuliza mumewe. Aliona haya. Na chini ya haya mlikuwa na hofu nyingine: je, akimuuliza "wewe umetoa nini," naye akimuuliza "na wewe je?"

Habari zikafika kwamba msafara umeonekana, umetua mwendo wa siku mbili kutoka mjini. Safwan akaita nyumba nzima, akautoa mtungi chumba cha ndani, akasema bismillahi, akaupindua juu ya mkeka.

Fedha zikaanguka, zikalia kidogo, zikanyamaza.

"Baba," akauliza Lubaba, "ndizo zimeisha?"

Fedha zile zisingejaza nili hata mtungi mmoja wa rangi, na karakana ya Safwan ilikuwa na mitungi minne. Umaima alisubiri mumewe aulize ni nani. Lakini Safwan hakuuliza. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kosa ni langu. Sikuweka sawasawa." Bi Khaula akakohoa kikohozi kirefu. Umaima akamtazama mumewe, akaona uso wa mtu mwenye siri, akasema moyoni: Basi ni kweli. Ana nyumba nyingine.

Katika mji ule alikuwako tajiri aitwaye Kardus. Hakuwa mtu mkali. Alicheka na kila mtu na kuhudhuria kila mazishi. Lakini alikopesha kwa nyongeza, na mwenye kushindwa kulipa alimwachia Kardus kitu alichoweka rehani. Safwan kwa miaka yote alikuwa akizunguka njia ndefu asipite mlangoni pake, asije akaitwa kunywa maji yake.

Kesho yake akamwambia mkewe, "Nimemwita Kardus. Atakuja baada ya adhuhuri na mashahidi wake. Ataninunulia nili ya mitungi yote minne, nami nitamrudishia mavuno yajayo na kitu juu yake."

"Na rehani?"

"Karakana."

"Safwan! Wewe umewazuia watu wangapi wasiingie mlango ule?"

Akajibu bila kumtazama, "Mwaka mmoja tu, Umaima. Tumbo la mtoto halijui fiqhi. Na wale wafanyakazi wawili niwaambie nini, wakale dua?"

Kardus akaja. Akaketi sebuleni na mashahidi wake, akasifu mazulia, akamsalimia Bi Khaula kwa kumwita mama yake. Umaima alikuwa nyuma ya pazia anatengeneza sherbeti, na masikio yake yalikuwa sebuleni hata maji ya waridi yakamwagika.

Hapa ndipo mtihani wake ulipokuwa. Tusiufanye mdogo, kwa sababu kwake haukuwa mdogo. Umaima alijijua. Sala zake alijua zinavyotangatanga. Mara nyingi amesalimu hakumbuki alisoma nini. Funga zake zilikuwa na manung'uniko, na ulimi wake umewagusa majirani. Katika maisha yake yote alikuwa na amali moja tu ambayo aliiona nyeupe, haina doa la kusifiwa, nayo ni ile siri ya Jumatatu. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumainia kuipeleka mbele ya Mola wake. Akiitamka, ameitoa sirini. Imepata shahidi, pengine imepotea. Na akinyamaza, mumewe anaingia mlango wa riba kwa miguu yake, naye amemfungulia.

Alisikia sauti ya Kardus: "Basi, Safwan, lete mkono tupeane ahadi."

"Baba Lubaba!" Umaima akaita. "Njoo mara moja."

"Nina wageni, Umaima."

"Ndiyo maana nakuita."

Safwan akaingia nyuma ya pazia, uso umekunjamana. Umaima akaweka bilauri chini.

"Mtungi nimeumaliza mimi," akasema. "Nimetoa bila kukuuliza. Nilimpa Jumana, yule mjane wa lango la chini. Usimpe Kardus mkono kwa kosa langu. Niseme mbele ya watu ukitaka, nitasema."

Safwan akakaa juu ya gunia la tende.

"Jumana?" akasema. "Ulimpa siku gani?"

"Jumatatu. Unauliza siku?"

"Mimi nilimpa Ijumaa."

Wakatazamana. Safwan akafunika uso kwa mikono yake ya buluu, na Umaima hakujua kama analia au anacheka, mpaka mabega yalipoanza kutikisika.

"Nafunga fedha katika kitambaa," akasema, "nikakitupia ndani ya mlango wake, kisha nakimbia. Umri huu wangu, Umaima, nakimbia kama mwizi wa kuku! Halafu napanda mtaa wa juu kwa yule mchukuzi aliyevunjika mguu kinuni kwa wasaga ngano. Jana nilipopindua mtungi nilitaka ardhi inimeze. Nilisema, mwenye kosa ni mimi peke yangu, na nikilitaja nimelipa kosa langu kwa thawabu zangu."

"Mchukuzi!" Umaima akashika kifua. "Na mimi siku zote hizi nadhani una mke wa pili."

"Mke wa pili? Nani atamtaka mwanamume wa rangi hii?"

"Wa kwanza tu anamshinda," ikaja sauti ya Bi Khaula kutoka dirishani. Macho yalipunguka, masikio hayakupunguka. Kisha mama mzee akaongeza kwa unyonge ambao hawakuuzoea kwake, "Na mimi pia, wanangu. Yule kipofu anayepita hapa dirishani akisoma Kurani kwa sauti nzuri. Nilimpa vidogo vidogo tu. Sikuona vizuri kama ni dirhamu au ni nusu yake."

Hapo wote watatu walicheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebeba mzigo mmoja katika vyumba vitatu. Lakini Umaima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka.

"Safwan," akasema, "tulitoa sadaka mali ya nani? Fedha ile haikuwa yangu, wala yako, wala ya mama. Ilikuwa nili ya mwakani. Ilikuwa chakula cha Lubaba, na ujira wa watu wawili, na kanzu za watu uliowapa ahadi. Tulimnyang'anya tusiyemwona tukampa tunayemwona. Kisha tukaita siri, wakati mwoka mikate anajua, na mji mzima unajua. Tuliofichana ni sisi tu, tunaolala chini ya paa moja."

Safwan aliinua pindo la kanzu yake akamfuta mkewe machozi, na hiyo kwake ilikuwa hotuba ndefu.

"Hiyo sherbeti inachemshwa?" akauliza Kardus kutoka sebuleni.

Safwan akatoka, akaketi mbele ya mgeni wake kwa adabu, akasema, "Ndugu yangu Kardus, nimekusumbua bure, unisamehe. Sitakopa. Nitanunua nili kwa kadiri ya fedha niliyo nayo."

"Fedha gani? Mwenyewe umeniambia haijazi mtungi mmoja."

"Basi nitakuwa na mtungi usiojaa."

Kardus akasimama, akatikisa kichwa, si kwa hasira bali kwa huruma ya kitajiri. "Heshima haitii nguo rangi, Safwan."

"Kweli," akajibu Safwan. Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Lakini maganda ya komamanga yanatia."

Walipobaki peke yao, Umaima akaleta vikuku vyake vya mahari, akaviweka mbele ya mumewe. Fedha yake ingetosha nili ya mtungi mwingine, pengine na zaidi. Safwan alivitazama muda mrefu, na ningekuwa mwongo nikisema hakuvitamani.

"Virudishe," akasema mwishowe. "Hivi ni ukuta wako siku mimi nisipokuwapo. Mtu habomoi ukuta kwa sababu ya kiangazi kimoja."

Msafara ukaingia. Safwan akamwendea mfanyabiashara wa nili, akamweleza alicho nacho bila kupamba, akanunua pungufu ya robo ya aliyozoea. Mfanyabiashara akastaajabu, akamuuliza, "Mwaka huu umeingiwa na wezi?" Safwan akajibu, "Ndiyo. Wezi watatu wacha Mungu." Akarudi nyumbani na kifurushi chepesi.

Umaima naye akaenda lango la chini. Safari ile ilikuwa nzito kwake kuliko ya kwanza, maana kwenda kutoa ni rahisi kuliko kwenda kusema nimepungukiwa. Alimwambia Jumana yote. Mjane yule akaziba mdomo kwa pindo la ukaya wa kichwani, akacheka mpaka watoto wakaja kutazama.

"Na mimi nilidhani mmepangiana!" akasema. "Mke Jumatatu, mume Ijumaa. Nikasema, nyumba ile ina utaratibu, Mungu aidumishe." Kisha kicheko kikaisha, akashika mkono wa Umaima. "Dada yangu, sitaacha kukuombea. Lakini niruhusu niseme. Mimi nina mikono miwili mizima. Kila wiki nilipokea nikiona haya, nikijiuliza, mbona hawaniiti kufanya kazi?"

Umaima akamwita kazini pale pale. Anayetoa akakimbia hawezi kusikia mwenzake anahitaji nini.

Tangu wiki ile Jumana akawa anakuja karakana, anakausha maganda ya komamanga na kuyatwanga, na analipwa ujira wake kama wafanyakazi wengine. Mtungi mmoja wa nili waliutunza kama mgonjwa, wakiulisha tende na pumba ili rangi isife, na ile mingine mitatu wakaitia rangi ya manjano ya maganda yale. Na manjano ndiyo waliyowauzia watu. Baadhi ya wateja walinuna wakapeleka nguo zao miji mingine. Wengi walichukua. Ikafika Idi, mtu akisimama juu ya paa aliona mji mzima wa manjano kama shamba la haradali, na watu wakauita ule mwaka kwa jina hilo, mwaka wa manjano.

Haukuwa mwaka mwepesi. Nyama waliiona Idi, na Idi tu. Kanzu ya Lubaba ilitiwa viraka mpaka kanzu yenyewe ikawa kiraka. Safwan alipanda mitende ya watu wakati wa mavuno, akalipwa tende, yeye aliyekuwa fundi wa kujitegemea. Na kila Alhamisi walikaa wote mkekani, wakahesabu kwa sauti, mbele ya mama na mbele ya mtoto: hii ya kula, hii ya wafanyakazi, hii ya nili, na hii, hata ikiwa nusu dirhamu, ya Mwenyezi Mungu, na ipelekwe kwa nani. Mara nyingine waligombana. Bi Khaula alimtetea kipofu wake kama wakili. Lakini kilichotoka kilitoka kwa ridhaa ya wote, na fungu la nili halikuguswa na mkono wa mtu mmoja tena. Na baraka ambayo Safwan aliogopa itakimbia hesabu, haikukimbia. Iliketi nao pale pale mkekani.

Siku moja, mwaka ule unapoelekea mwisho, Umaima na mumewe walikuwa uani wanaanika vitambaa. Fungu la nili lilikuwa limefika kiasi cha kununulia nili ya mitungi mitatu, bila deni la mtu. Safwan alikuwa na furaha, lakini alimwona mkewe ameshika kitambaa kibichi hakitundiki.

"Una nini, Mama Lubaba? Unajuta kuniambia siku ile?"

"Sijuti." Akakikamua kitambaa. "Lakini ile ilikuwa amali yangu moja, Safwan. Sina nyingine kama ile. Na sijui kama bado ninayo."

Safwan alitaka kusema jambo la kumtuliza, lakini aliogopa kumsemea Mungu asiyoyajua. "Mimi si mwanachuoni," akasema. "Sijui. Najua tu kwamba usingeniambia, nisingekuwa nimesimama hapa kama mtu huru."

Basi Umaima akatundika kile kitambaa, akakinyoosha pindo, na akiwa amekishika bado, akasema kwa sauti ambayo mumewe aliisikia, na ndiyo maana imetufikia: "Mola wangu, niliificha kwa ajili Yako, na nikaifichua kwa ajili Yako. Nimeiacha Kwako."

Safwan akaitikia amina, akainama kumchukulia kitambaa kingine.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunaogopa kuulizana ndani ya nyumba zetu, na hofu ile tunaipa majina mazuri: tunaiita tawakali, tunaiita siri, tunaiita kumheshimu mwenzangu. Mali ya nyumba ni amana ya wote waliomo, na mkono unaotoa amana peke yake, hata ukitoa kwa wema, umekosea njia. Tutoe, wala tusiache kutoa. Lakini kwanza tukae mkekani. Mwenyezi Mungu awarehemu Umaima na Safwan na mama yao Khaula, na atufungue ndimi mbele ya wale tunaowapenda kabla Kardus hajabisha mlango.